Siku nne: kutoka Gorton hadi nyika ya Saddleworth

Viatu vyangu bado viko juu ya gazeti mlangoni. Nimevisugua mara mbili na lile tope jeusi halijatoka kwenye mishono. Wiki tatu sasa tangu nirudi London, na nimekaa na daftari na picha za simu niipange safari hii kabla siku hazijaanza kuingiliana kichwani.

Nilimfuata mtu mmoja. Kisa cha watoto waliouawa Manchester kati ya 1963 na 1965, wengi wao wakafukiwa kwenye nyika ya Saddleworth, nimekisikia mara nyingi tangu nihamie Uingereza, na kila mara msimuliaji huanza na wauaji, Ian Brady na Myra Hindley, na zile picha zao za polisi. Nimeshawataja, yatosha, kuanzia hapa ni mwanamume yule na mwanamke yule. Niliyemtaka ni Pauline Reade, miaka 16, wa kwanza kuuawa. Ila kwa miaka 22 hakuna aliyemwita wa kwanza. Kesi ilipoamuliwa Chester, tarehe 6 Mei 1966, mashtaka yalikuwa ya kuwaua watu watatu: John Kilbride wa miaka 12, Lesley Ann Downey wa miaka 10 na Edward Evans wa miaka 17. Pauline hakuwemo, wala Keith Bennett wa miaka 12, ambaye mwili wake haujapatikana hadi leo. Alikuwa bado ni binti aliyetoka kwenda dansi na hakurudi.

Alhamisi, 25 Septemba 2025. London hadi Manchester

Basi la asubuhi kutoka kituo cha Victoria, pauni 14 kwa sababu nilikata tiketi mapema. Tulipaswa kufika saa nane mchana. Kukatokea ajali mbele yetu kwenye barabara ya M6, tukakaa palepale karibu saa mbili na nusu, injini imezimwa, watu wanatazamana. Mama niliyekaa naye alifungua mfuko wake, akakata sandwichi ya mayai vipande viwili na kuniwekea kimoja mapajani bila kuniuliza chochote. Nilikuwa na njaa kweli.

Kutoka katikati ya Manchester nilipanda 192 hadi Levenshulme anakoishi kaka yangu na mkewe. Nauli ya basi ndani ya Manchester wakati ule ilikuwa pauni 2, na ukigusisha kadi ileile ya benki siku nzima hukukatwa zaidi ya pauni 5 kwa mabasi. Usinunue tiketi ya karatasi, utajisumbua bure. Kadi yangu ilikataa mara ya kwanza na dereva akaniambia, "Usijali, mpenzi." Nikashtuka. Kumbe huku Kaskazini kila mtu ni mpenzi: dereva, muuza samaki, hata ajuza wa kwenye foleni ya posta. Siku ya tatu na mimi nilishaanza kuitika.

Nilikaa ghorofa ya juu ya basi, mbele kabisa, nikiangalia maduka ya Longsight yakipita: vitambaa, matunda, simu za kutengenezwa. Niliipiga picha barabara ile kwa ajili ya rangi zake tu.

Wifi alinisubiri na ugali na mchicha wa nazi. Anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo tulikula upesi.

"Wifi," akaniambia, "umesafiri kutwa nzima kuja kuangalia makaburi?"

"Kaburi moja."

"Wewe si umesema watoto wawili?"

"Wa pili hana kaburi."

Akaacha kutafuna kidogo. Kisha akanisukumia bakuli la mchicha.

Ijumaa, 26 Septemba. Gorton

Kutoka Levenshulme hadi Gorton nilitembea. Si mbali, na mvua ilikuwa ile ya Manchester isiyonyesha wala kuacha. Ukipenda alama ya kukuongoza, tafuta monasteri ya Gorton, jengo kubwa la matofali la karne ya 19 linaloonekana juu ya mapaa. Mitaa mingi ya nyumba zilizoshikana ilivunjwa baadaye na kujengwa upya, kwa hiyo ukija na ramani ya zamani utapotea kama mimi. Nilizunguka saa nzima nikitafuta kona ambazo hazipo tena.

Mtaa wa Froxmer bado upo. Ni mfupi: kuta, mageti ya karakana, lori likirudi nyuma huku likipiga kelele zake za tahadhari. Nilisimama nikajiona mjinga. Fundi mmoja alitoka akaniuliza kama nimepotea, nikamwambia natafuta historia, akacheka: "Hapa utapata matairi tu." Akarudi ndani, kisha akatoka tena na kikombe cha chai. Hakuniuliza historia gani. Nadhani alijua.

Ni hapa, Ijumaa ya tarehe 12 Julai 1963, jioni ambayo bado ilikuwa na mwanga, Pauline alipokuwa akienda kwenye dansi katika klabu ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa peke yake. Gari dogo la mizigo likasimama. Dereva alikuwa mwanamke yule, na Pauline alimfahamu: mdogo wake alisoma naye. Aliombwa msaada tu, kwamba glavu ya bei imepotea kule juu nyikani, twende tukaitafute. Mwanamume yule alifuata nyuma kwa pikipiki.

Najua watu husoma hapa wakasema, mimi nisingepanda. Ungepanda. Binti wa miaka 16, jirani, dada ya mtu uliyesoma naye, na dansi haijaanza.

Kuna kipande kimoja cha kisa hiki nilichokiandika daftarini kwa herufi kubwa. Usiku ule, wauaji wakirudi kutoka nyikani, waliwapita mama yake Pauline, Joan, na kaka yake Pauline wakizunguka mitaani kumtafuta. Gari lilipita karibu nao likaenda zake. Nimejaribu kuuona mtaa huu kwa macho ya mama yule na sikuweza, kwa sababu yeye hakuona chochote cha kushangaza. Aliona gari.

Na polisi walitafuta, ila hawakupata shahidi, nguo wala kiatu. Ndiyo shida ya kuwa wa kwanza. John alipopotea sokoni Ashton-under-Lyne mwezi Novemba mwaka uleule, bado hakukuwa na mfululizo wowote, kulikuwa na mvulana mmoja hapa na binti mmoja pale. Kamba ilianza kuonekana Oktoba 1965, baada ya shemeji wa mwanamke yule kushuhudia kijana Edward akiuawa, akakimbia na kuwapigia polisi simu asubuhi. Ndani ya kitabu cha sala cha mwanamke yule ilikutwa stakabadhi ya mizigo iliyowekwa stesheni, na kwenye masanduku hayo mkawa na picha. Baadhi zilikuwa za mandhari, kama zangu hizi: mtu kapiga magoti nyikani na mbwa wake. Polisi walizitumia kutafuta mahali, na moja iliwafikisha kwenye kaburi la John.

Mchana nilikula chipsi za mchuzi wa kahawia, pauni 3.80, nimesimama chini ya paa la duka. Huku mchuzi humwagiwa juu ya chipsi mpaka zinalegea. Sikuwa na matumaini nazo, nilirudi kuongeza.

Kwenye makaburi ya Gorton nilitafuta kwa dakika arobaini bila kuuliza, kwa aibu. Mwishowe mama mmoja mwenye ndoo na brashi, aliyekuja kuosha jiwe la mumewe, aliniona nikisoma majina mstari kwa mstari akanielekeza kwa kidevu tu. Jiwe lenyewe sitalieleza wala sikulipiga picha. Pauline alizikwa tarehe 7 Agosti 1987. Mama yake alikuwepo, ametolewa hospitali ya wagonjwa wa akili, amepewa dawa nzito za kumtuliza. Miaka 24 ya kusubiri, halafu siku yenyewe anaiona kwa ukungu.

Basi nililorudi nalo barabara ya Hyde lilinipa mtihani. Upande wa pili wa barabara lilikuja 201, na ubao wake wa mbele umeandikwa Hattersley. Ndiko wauaji walikokuwa wakiishi walipokamatwa. Nyumba ile halmashauri iliibomoa mwaka 1987, pamebaki uwazi kati ya nyumba za watu. Wapo wanaokwenda kuupiga picha. Niliacha 201 lipite. Majirani wa pale wamechoka, na uwazi ni uwazi.

Jumamosi, 27 Septemba. Nyikani

Siku ndefu. Basi 219 hadi Ashton, kisha 350 hadi Greenfield, yote ndani ya zile pauni 5. Kuna treni pia kutoka Manchester hadi Greenfield na ni ya haraka zaidi, ila wikendi angalia ratiba kabla ya kutoka kitandani, reli hufungwa kwa matengenezo. Mimi nilipoteza karibu saa nzima Ashton kwa sababu nilisubiri kituo kisicho chenyewe. Kijana wa kuuza vifuniko vya simu ndiye aliyenitoa gizani.

Greenfield ni kijiji cha mawe chini ya vilima. Kutoka hapo unatembea nusu saa hadi bwawa la Dovestone, ambako Jumamosi ni kama sikukuu: mbwa, watoto, baiskeli, foleni ya aiskrimu kwenye baridi. Njia ya kuzunguka bwawa ni kama kilomita 4, ni tambarare na imetengenezwa vizuri, hata mwenye kiti cha magurudumu anapita. Mabango yanakataza kuwasha moto. Juni 2018 nyika hii iliungua siku nyingi mpaka jeshi likaitwa kusaidia, maana ardhi yenyewe ndiyo kuni.

Nyika niliyoifuata iko juu zaidi, kando ya barabara ya A635 inayokwenda Holmfirth. Hapo nilikosea mahesabu. Nilidhani nitapanda kwa miguu kufuata barabara. Usifanye hivyo. Hakuna njia ya waenda kwa miguu, kona ni kali, magari yanateremka kama yamefukuzwa. Baada ya mita mia nne nilirudi nikiwa natetemeka.

Mzee mmoja mwenye mbwa mweupe alikuwa akimfuta miguu kwenye maegesho. Aliniona nikirudi, akaniuliza nilikuwa naelekea wapi. Nikamtajia Hollin Brown Knoll, ule mwinuko wa nyikani alikofukiwa Pauline. Alininyamazia kidogo, kisha akasema yeye anapita huko kwenda nyumbani, anaweza kunipandisha, anisubiri, na kunirudisha stesheni.

Sasa fikiria. Mwanamke peke yake, Saddleworth, anaalikwa kupanda gari la mtu asiyemjua. Nadhani uso wangu ulisema yote, kwa sababu mzee alirudi nyuma hatua mbili, akaonyesha namba ya gari kwa kidole na kusema, "Ipige picha. Na mimi nipige. Mtumie mtu wako." Nikampiga, kasimama wima kama wa picha ya pasipoti, mbwa kamshikilia. Nikamtumia wifi. Wifi alijibu neno moja: "USIPANDE." Kisha, baada ya dakika: "Mbwa ana sura nzuri. Panda, ila niachie simu hewani."

Basi nikapanda, na wifi mfukoni akisikiliza.

Mzee alikuwa na miaka tisa mwaka 1965. Alisema baada ya Oktoba ile mama yake hakumruhusu kwenda hata dukani peke yake, na watoto wote wa mtaa wao walifungiwa hivyohivyo. "Tulikuwa tunacheza nje mpaka giza," akasema. "Halafu ghafla, hatuchezi." Hakuongeza kitu mpaka tulipofika juu.

Picha hazisemi kweli kuhusu nyika ile. Nilitegemea mahali pa kutisha na nikakuta uwazi mtupu: nyasi za kahawia, maua ya zambarau yanayokufa, miamba michache, upepo unaokusukuma kifuani. Hakuna mti wa kuweka alama. Ukitoka barabarani hatua thelathini, mguu unazama mpaka kifundoni kwenye mboji nyeusi, na ukiuvuta unatoa sauti ya kunyonya. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto anaweza kupotea hapa miaka yote hii. Ardhi haina sura ya kukumbuka. Hata mwanamume yule aliporudishwa hapa na polisi Julai 1987, alishindwa kuonyesha mahali, akasema pamebadilika.

Mboji hii ni mimea iliyorundikana maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Imejaa maji na ina uchachu, hewa haipenyi, kwa hiyo vijidudu vya kuozesha havistawi. Mwaka 1985 kesi ilifumka upya baada ya gazeti kuandika kwamba mwanamume yule amekiri kuwaua pia Pauline na Keith Bennett. Mwanamke yule naye alikiri mapema 1987. Polisi wa Greater Manchester walichimba zaidi ya siku 100, na tarehe 1 Julai 1987 wakamkuta Pauline, chini kama futi tatu, yadi 100 hivi kutoka pale alipopatikana Lesley mwaka 1965. Yadi mia! Wakati ule walisimama karibu naye kiasi hicho na hawakuwa na sababu ya kumtafuta zaidi. Alikuwa bado amevaa gauni lake la dansi.

Nilipiga picha moja tu kule juu, ya anga.

Mzee alikuwa amebaki kando ya gari. Niliporudi aliniambia kwamba yeye hutembeza mbwa vilima hivi miaka arobaini, na huwa anatazama chini. "Wote wa umri wangu tunatazama chini," akasema. Hakutaja jina la Keith. Alinionyesha kwa mkono upande wa mashariki, kuelekea kijito cha Shiny Brook, ambako polisi walichimba sana. Mwishoni mwa Septemba 2022 walichimba tena baada ya mtu kudai ameona fuvu. Wiki moja hivi, wataalamu, mahema, na hakukuwa na mabaki yoyote ya binadamu.

Ushauri kwa atakayekwenda: buti zisizopitisha maji, koti la upepo hata kama chini kuna jua, na usitoke kwenye njia ukungu ukishuka. Na usichimbe. Wapo wanaokuja na sepetu wakidhani watakuwa mashujaa. Wanaharibu ardhi, na wanaiumiza familia iliyobaki.

Mzee alinishusha stesheni ya Greenfield. Nilimpa pauni 10 ya petroli, akaikataa, nikamwachia mbwa nusu ya pai yangu ya nyama. Simu ya wifi ilikuwa bado hewani, saa moja na dakika nane. Alikuwa amelala.

Jumapili, 28 Septemba. Longsight

Basi la London lilikuwa la mchana. Nilipiga hesabu ya safari nzima: nauli ya masafa kwenda na kurudi pauni 31, mabasi ya mjini 14, chakula cha nje 22 na senti. Malazi bure, na chapati nane za kubeba.

Asubuhi nilimwambia wifi nataka kutembea barabara ya Stockport hadi Longsight. Akaja nami, na mwanawe wa miaka 11 aliyeahidiwa donati.

Hii ndiyo barabara niliyoipiga picha siku ya kwanza kwa ajili ya rangi. Tarehe 16 Juni 1964, siku nne baada ya kutimiza miaka 12, Keith Bennett alikuwa akienda kulala kwa bibi yake. Mama yake, Winnie Johnson, alimwangalia akivuka barabara ya Stockport, kisha akashika njia yake mwenyewe. Keith hakufika. Kwa kuwa huwa analala kule, kwa mama hakuna aliyestuka, na kwa bibi walidhani hakuja tu. Kutwa moja ya utafutaji ikaliwa hivyo.

Winnie aliandika barua kwa wauaji, aliwasihi hadharani, alipanda nyikani mara nyingi. Machi 2010 ilifanyika ibada ya kumkumbuka Keith katika Kanisa Kuu la Manchester, bila jeneza. Winnie alifariki Agosti 2012. Mwanamke yule alikuwa amekufa Novemba 2002, mwanamume yule akafa Mei 2017, na majivu yake yalitupwa baharini usiku ili yasifike nyikani. Tangu 2020 Uingereza ina sheria inayoitaka bodi ya parole, ile inayoamua kama mfungwa aachiwe kabla kifungo hakijaisha, kuzingatia kama mfungwa amekataa kusema ulipo mwili aliouficha. Ilipiganiwa na mama mwingine, wa Helen McCourt, aliyepotea 1988. Kwa Winnie ilichelewa.

Nilimweleza wifi haya tukiwa tumesimama kwenye kivuko, nikakosea kuyasema mbele ya mtoto. Ila mtoto alikuwa hasikilizi. Duka la donati lilikuwa ng'ambo.

"Mama, naweza kwenda mwenyewe?"

Wifi alimtazama, akanitazama mimi, akampa noti ya pauni 5. Kijana akabonyeza kitufe, taa ikabadilika, akavuka huku akiruka michirizi myeupe. Tulisimama bila kusema kitu. 192 likapita likatuzibia, likakawia, likaondoka. Alikuwa ameshaingia dukani. Tuliona kofia yake nyekundu kwenye kioo. Kisha foleni ikamficha, kisha tukaiona tena.

Alirudi na donati tatu na chenji pungufu ya senti hamsini. Wifi alizihesabu mara mbili, akamgombeza mpaka tunafika nyumbani.